Nani ameshika funguo za msikiti na kanisa?

Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi alipofariki 1888, aliwaacha wamisionari Waanglikana wajenge kanisa kuu lao Mkunazini, mahali palepale palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Mjini humohumo Wahindu walikuwa na mahekalu yao, Wagoa walisali misa, Mabohora na Waithnaasheri walikuwa na misikiti yao, Waismailia jamatini yao. Sultani mwenyewe alikuwa Ibadhi, wa tawi la Uislamu lililo nje ya Usunni, ilhali raia wake wengi walikuwa Wasunni wa madhehebu ya Shafii. Basi palikuwa na kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kishafii, na kila mtu alikwenda kwa kadhi wa madhehebu yake.

Sultani huyohuyo alimtia kifungoni Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii, kwa sababu alikuwa akiwavuta Waibadhi waingie katika Usunni. Sheikh Ali alitoka gerezani pale tu Barghash alipofariki. Mwanawe, Sheikh Al-Amin bin Ali, alizaliwa miaka michache baadaye na hatimaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Inakuwaje mtawala awe radhi na kengele ya kanisa, kisha ashindwe kuvumilia darsa la Mwislamu mwenzake? Jibu halimo katika vitabu vya itikadi. Wamisionari wa Mkunazini walishughulika zaidi na watumwa waliokombolewa, watu wasiokuwa na nguvu yoyote katika dola, na nyuma yao alikuwapo balozi wa Uingereza mwenye manowari bandarini. Sheikh Ali alikuwa anagusa nguzo ya nyumba. Waibadhi walikuwa wachache, na ndio waliotawala. Kila Mwibadhi mwenye jina aliyeingia Usunni alipunguza uzi uliowafunga watawala pamoja. Sultani alipima hatari, akaruhusu huku na kufunga kule. Dadake mwenyewe, Sayyida Salme, aliyebatizwa Aden mwaka 1867 na kuolewa na Mjerumani, hakupata kusamehewa na kaka yake hadi mwisho.

Nimeanza na Barghash kwa sababu kisa chake kinaonyesha waziwazi jambo ambalo katika historia ndefu ya uvumilivu wa dini hufichwa na maneno mazuri. Kwa karne nyingi, kuvumilia dini ya wengine kulikuwa hesabu ya serikali. Mtawala hakuulizwa kama imani fulani ni ya kweli. Alijiuliza kama ingemletea fitina, kodi, askari au adui. Sisi leo tunasoma katika katiba zetu kwamba uhuru wa kuabudu ni haki ya kila mtu, kana kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Kutoka katika hesabu ya mtawala hadi kuwa haki ya mtu palikuwa na njia ndefu sana, iliyojaa damu, na kuna sehemu zake ambazo bado hatujazimaliza.

Anachokitoa mfalme

Mwaka 303 Kaisari Diocletian wa Roma aliamuru makanisa yabomolewe na maandiko ya Wakristo yachomwe. Miaka kumi tu baadaye, mwaka 313, Constantine na Licinius wakakubaliana Milano kwamba Wakristo na watu wengine wote wawe huru kufuata ibada waitakayo, na mali za Wakristo zilizotwaliwa zirudishwe. Lakini mwaka 380 Kaisari Theodosius akatangaza imani moja ya Kikristo kuwa ndiyo imani ya raia wote, na kabla ya mwisho wa karne hiyo sadaka za miungu ya kale zilikuwa zimepigwa marufuku. Waliokuwa wakiwindwa wakawa wawindaji katika umri wa mtu mmoja.

Kule India ni vivyo hivyo. Mfalme Akbar, Mwislamu aliyetawala Wahindu wengi, alifuta jizya, kodi waliyotozwa wasio Waislamu, mwaka 1564. Kitukuu chake Aurangzeb akairudisha mwaka 1679. Hakuna sheria iliyomzuia wa kwanza kutoa wala wa pili kutwaa.

Lakini mfano unaostahili kukaliwa zaidi ni wa Ufaransa, kwa sababu huko walijaribu kwa bidii kubwa kuifunga ruhusa ya mfalme isitikisike, na ikatikisika.

Kuanzia 1562 Wakatoliki na Waprotestanti wa Ufaransa walipigana vita baada ya vita. Usiku wa kuamkia Agosti 24, 1572, siku ya Mtakatifu Bartholomayo, mauaji ya Waprotestanti yalianza Paris na kuenea katika miji mingine. Aliyekuja kuzima moto huo alikuwa Henri wa Nne, Mprotestanti aliyerithi kiti cha ufalme wa Kikatoliki, akalazimika kuingia Ukatoliki mwaka 1593 ili nchi imkubali. Aprili 1598 alitoa Amri ya Nantes.

Amri ile haikuwa tangazo la usawa. Ilikuwa mkataba wa amani ulioandikwa kwa makini ya mawakili, kifungu baada ya kifungu. Waprotestanti waliruhusiwa kufanya ibada mahali walipokuwa wakiifanya katika miaka fulani iliyotajwa, na katika maeneo ya mabwana wao, lakini si ndani ya jiji la Paris. Waliweza kushika vyeo vya serikali. Kesi zao zingesikilizwa katika mahakama zenye majaji wa pande zote mbili. Hapohapo walitakiwa kulipa zaka kwa Kanisa Katoliki na kuheshimu sikukuu zake. Na kwa kuwa hawakuamini maneno matupu, walipewa katika hati za pembeni haki ya kushika miji yenye ngome, na mfalme akasaidia kulipa mishahara ya askari wa miji hiyo.

Jambo hilo la ngome ndilo fundo lenyewe. Waprotestanti walijua kwamba ruhusa isiyo na nguvu nyuma yake ni karatasi. Serikali nayo ilijua kwamba jumuiya ya dini yenye ngome na askari ni dola ndani ya dola. Pande zote mbili zilikuwa sahihi. Kardinali Richelieu, waziri mkuu wa mfalme, alizingira mji wa La Rochelle kuanzia 1627 hadi ulipoanguka 1628 kwa njaa, na mwaka uliofuata, kwa Amani ya Alès, ngome zote zikaondolewa. Uhuru wa kuabudu ukabaki, lakini sasa ulisimama juu ya kitu kimoja tu: moyo wa mfalme.

Moyo wa Louis wa Kumi na Nne ulitaka nchi moja, mfalme mmoja, imani moja. Alianza polepole. Kazi moja baada ya nyingine ikafungwa kwa Waprotestanti, mahekalu yao yakabomolewa kwa visingizio vya kisheria. Kuanzia 1681 askari wa farasi walipelekwa kulala katika nyumba za Waprotestanti, wakila chakula chao, wakivunja vyombo vyao, mpaka mwenye nyumba asaini kwamba amekuwa Mkatoliki. Kisha Oktoba 1685, kwa Amri ya Fontainebleau, ile Amri ya Nantes, ambayo iliandikwa kuwa ya daima na isiyotenguliwa, ikatenguliwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba Waprotestanti walio wengi wamekwisha kuongoka, kwa hiyo haikuwa na kazi tena.

Wachungaji walipewa siku kumi na tano kutoka nchini. Waumini wa kawaida walikatazwa kutoka. Mwanamume aliyekamatwa mpakani alipelekwa kupiga makasia katika merikebu za mfalme. Hata hivyo, watu wapatao 200,000 walitoroka kwenda Uholanzi, Uingereza, Ujerumani, na wengine wachache mpaka rasi ya kusini mwa Afrika, ambako mashamba ya mizabibu ya Franschhoek bado yana jina linalowakumbusha Wafaransa hao. Waliobaki waliabudu maporini. Mwanamke mmoja, Marie Durand, alifungwa katika mnara wa Constance mwaka 1730 akiwa msichana na kuachiwa 1768. Miaka 38 ndani ya mnara, na angeweza kutoka siku yoyote kama angekubali kuikana imani yake.

Kuna jambo la kiserikali hapa ambalo wengi hulipita. Huko Ufaransa, kama katika sehemu kubwa ya Ulaya, daftari la ubatizo, ndoa na mazishi lilikuwa mikononi mwa padri, na daftari hilo ndilo lililokuwa ushahidi wa serikali kwamba mtu amezaliwa, ameoa, amekufa. Mprotestanti aliyekataa kufunga ndoa kwa padri hakuwa na ndoa mbele ya sheria. Watoto wake walihesabiwa wa nje ya ndoa, na urithi wao ungeweza kunyang'anywa na binamu yeyote Mkatoliki. Hivyo hata pale vyombo vya dola vilipochoka kuwatesa watu, daftari liliendelea kuwatesa. Mwaka 1787, miaka miwili kabla ya mapinduzi, ndipo Waprotestanti waliporuhusiwa kuandikisha ndoa na watoto wao bila kupita kwa padri. Mimi naihesabu sheria hiyo ya uandikishaji, isiyosifiwa na mtu, kuwa kati ya hatua kubwa za uhuru wa dini, kwa kuwa ilitenganisha kuwa raia na kuwa muumini.

Ndama wa John Locke

Majira ya baridi ya mwaka huohuo wa 1685, Mwingereza mmoja mkimbizi aliyejificha Uholanzi alikuwa akiandika. John Locke alikuwa amekimbia siasa za kwao, na Waprotestanti wa Ufaransa walikuwa wakimiminika katika miji ileile. Barua yake kuhusu uvumilivu ilichapwa mwaka 1689.

Hoja yake ni nyepesi kuieleza, ila ni nzito kuifuata. Serikali ipo kwa ajili ya mambo ya dunia hii: uhai, mwili, mali, amani. Chombo chake ni nguvu, yaani faini, jela, upanga. Imani ni jambo la ndani, na nguvu haiwezi kuizaa. Unaweza kumlazimisha mtu apige magoti, huwezi kumlazimisha asadiki. Kwa hiyo mtawala anayetumia jela kuokoa roho anatumia chombo kisichofaa kwa kazi asiyopewa.

Halafu anatoa mfano wa ndama. Mtu akitaka kumchinja ndama wake kama sadaka, serikali haina ruhusa ya kumzuia, maana kumchinja ndama nyumbani kwako ni halali kwa kila mtu. Akitaka kumtoa mtoto mchanga kuwa sadaka, azuiwe, maana kuua mtoto ni haramu hata nje ya ibada. Na ikiwa ugonjwa umemaliza ng'ombe wa nchi, serikali inaweza kupiga marufuku uchinjaji wote kwa muda, sadaka na kitoweo pamoja, kwa sababu sheria hiyo inahusu ng'ombe, haihusu dini. Kipimo ni kimoja: je, jambo hili lingekatazwa hata kama hakuna dini ndani yake?

Naomba msomaji akishike kipimo hicho, tutakihitaji mbele.

Locke mwenyewe hakufika mwisho wa hoja yake. Aliandika kwamba mpagani, Mwislamu na Myahudi wasinyimwe haki za kiraia kwa sababu ya dini yao, jambo ambalo wachache wa zama zake wangelithubutu. Lakini aliwatoa wasioamini Mungu, akidai kiapo chao hakiaminiki, na pia wale ambao dini yao huwafanya watumishi wa mtawala wa nchi nyingine, na wasomaji wake walielewa kwamba anawalenga Wakatoliki. Sheria ya Uvumilivu iliyopitishwa na Bunge la Uingereza mwaka 1689 ilikuwa na moyo mdogo zaidi yake. Iliwaruhusu Waprotestanti waliojitenga na kanisa la dola waabudu, mradi waape viapo fulani. Wakatoliki hawakuingia Bungeni hadi 1829, na Myahudi wa kwanza kuketi humo kwa kiapo cha dini yake aliketi 1858.

Neno moja lililobadilishwa Virginia

Uvumilivu ulipovuka bahari kwenda Amerika ulikuta hali ngumu vilevile. Wapuritani waliokimbia mateso Uingereza walijenga Massachusetts na kutesa wengine huko. Roger Williams alifukuzwa humo kwa kusema kwamba serikali haina mamlaka juu ya dhamiri. Mwaka 1636 alianzisha Providence kwenye ardhi aliyoipata kwa Wanarragansett, wenyeji wa nchi hiyo. Mwaka 1660 Mary Dyer alinyongwa Boston kwa kosa la kurudi mjini akiwa Mquaker, yaani wa dhehebu la Kikristo la Marafiki. Waquaker hao ndio ambao leo, kutoka mbegu iliyopandwa Kaimosi mwaka 1902, wamejaa magharibi mwa Kenya.

Virginia ilikuwa na kanisa la dola, la Kianglikana, lililolipwa kwa kodi. Katika miaka ya 1760 na 1770 wahubiri wa Kibaptisti walitiwa jela kwa kuhubiri bila kibali. Kijana mmoja wa huko, James Madison, aliliona jambo hilo karibu na kwao, likamchoma. Mwaka 1776, akiwa na miaka 25, alikaa katika mkutano ulioandika tamko la haki la Virginia. Rasimu ya George Mason ilisema watu wote wapewe uvumilivu kamili katika dini. Madison hakuridhika. Kuvumiliwa maana yake kuna anayevumilia. Yupo juu, na siku atakapochoka ataacha. Maneno yakabadilishwa yakawa kwamba watu wote wana haki sawa ya kufuata dini kwa uhuru, kwa kadiri dhamiri inavyowaelekeza.

Badiliko hilo la maneno machache ndilo ninaloliona kuwa kilele cha habari yote hii. Henri wa Nne alitoa, Louis akatwaa. Kitu kisichotolewa na mfalme hakuna mfalme anayeweza kukidai arudishiwe. Miaka iliyofuata Madison alipinga kodi ya kuwalipa walimu wa dini ya Kikristo, hata kama kila mlipaji angechagua kanisa lake, na Januari 1786 Virginia ikapitisha sheria ya uhuru wa dini iliyoandikwa na Thomas Jefferson. Mwaka 1790 Rais George Washington aliwaandikia Wayahudi wa Newport kwamba sasa hakuna tena kusemwa uvumilivu, kana kwamba ni kwa hisani ya tabaka moja ndipo wengine wanafaidi haki zao za asili.

Wala nisiache upande wa pili. Mason, Madison, Jefferson na Washington wote walimiliki watumwa. Baada ya uasi wa Nat Turner, mhubiri mtumwa, Virginia ilipiga marufuku mwaka 1832 mtu mweusi yeyote, mtumwa au huru, kuhubiri. Nchi iliyokuwa imeandika kwamba dhamiri haina bwana iliona hatari katika sala za watu hao, ikapima, ikafunga. Barghash angewaelewa.

Imani ilipokuwa uaminifu kwa mtawala

Afrika Mashariki ya ndani ilionja mambo haya kwa kasi ya ajabu. Buganda ilikuwa na dola yenye nguvu chini ya Kabaka, mfalme wake. Uislamu uliingia kwa mkono wa wafanyabiashara kutoka pwani, na Kabaka Mutesa wa Kwanza alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa. Lakini vijana wa ikulu walioingia Uislamu walipokataa nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa Kabaka, na kumkosoa kwa namna alivyoishika dini, aliwaua wengi katikati ya miaka ya 1870. Wamisionari Waanglikana wakafika 1877, Wakatoliki 1879.

Mwanga alipochukua kiti mwaka 1884 alikuta ikulu imejaa vijana wenye bwana wa pili. Kabaka alitarajiwa kuwa na amri ya mwisho juu ya mwili na uhai wa kijana wa ikulu. Hawa walisema kuna amri iliyo juu yake. Na huko pwani Wajerumani walikuwa wakitwaa nchi. Kati ya 1885 na 1887 waliuawa wengi, wakiwemo Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa moto Namugongo Juni 3, 1886. Wakatoliki 22 wametangazwa watakatifu, na Waanglikana huwakumbuka 23 wa kwao.

Watu wengi huishia hapo, kwenye ushujaa wa mashahidi, na ushujaa huo hauna shaka. Kinachofundisha zaidi kuhusu serikali ni yaliyofuata. Mwaka 1888 Waislamu na Wakristo waliungana kumpindua Mwanga. Wiki chache hazikupita Waislamu wakawafukuza Wakristo. Wakristo wakarudi kwa vita, wakamrudisha Mwanga. Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wakapigana wao kwa wao Mengo, wakiitana kwa majina ya vyama: Wafaransa na Waingereza. Bunduki ya Maxim ya Kapteni Lugard, ofisa wa Kiingereza, ikaamua upande gani ushinde. Kisha vyeo vya uchifu vikagawanywa kwa dini, huku Waislamu wakipata fungu dogo. Chifu aliyebadili dini alitakiwa kuachia uchifu wake. Fikiria maana yake: dhamiri ya mtu ilikuwa imefungwa kwenye cheo na ardhi, kama vile daftari la padri lilivyoifunga Ufaransa. Siasa za Uganda zilibeba mgawanyo huo hadi uhuru na kupita, na ninapokisoma kifungu cha 7 cha katiba ya 1995, kinachosema Uganda haitakuwa na dini ya dola, nasikia ndani yake mizinga ya Mengo.

Ukanda wa maili kumi

Pwani ya Kenya inatuletea tatizo la aina nyingine, na ndilo linalowachanganya watu zaidi. Desemba 1895 Uingereza ilikubaliana na Sultani Hamid bin Thuwaini kuutawala ukanda wa maili kumi wa pwani kwa niaba yake, na makadhi wakaendelea na kazi zao. Uhuru ulipokaribia, swali likawa: Waislamu wa pwani watabaki na nini wakiingia katika nchi yenye Wakristo wengi? Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walikubaliana kwa maandishi kwamba ukanda utaunganishwa na Kenya, na mamlaka ya makadhi juu ya Waislamu yatalindwa.

Miaka 47 baadaye mkataba huo ukarudi mezani. Mei 2010 majaji wa Mahakama Kuu ya Nairobi waliamua kwamba kuziweka Mahakama za Kadhi katika katiba ya zamani kulikiuka usawa wa dini. Makanisa mengi yalipinga rasimu ya katiba mpya, mojawapo ya sababu ikiwa mahakama hizo. Agosti 4 wananchi wakaipitisha rasimu kwa karibu asilimia 67. Ndiyo maana katiba ileile inasema katika kifungu cha 8 kwamba hakutakuwa na dini ya dola, na katika kifungu cha 170 inaunda Mahakama za Kadhi zinazolipwa na dola.

Je, huo ni mgongano? Inategemea unamvumilia nani. Njia ya Virginia humlinda mtu mmojammoja: serikali haioni Mwislamu wala Mkristo, inaona raia. Njia ya dola za Kiislamu za zamani, hasa ya Waosmani wa Uturuki, ililinda jumuiya: kila umma na kiongozi wake, ndoa zake na mirathi yake. Ya kwanza humwacha mtu huru lakini huweza kuiacha jumuiya ndogo imezwe na sheria za walio wengi, ambazo mara nyingi hubeba desturi za dini yao bila kulisema jina lake. Ya pili huiweka hai jumuiya lakini huweza kumfungia mtu ndani yake. Kenya imejaribu kushika ncha zote mbili kwa sharti moja: kadhi husikiliza mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda kwake. Kwa maoni yangu uzito wote umo katika ridhaa hiyo. Mjane anayehisi fungu lake la mirathi litakuwa dogo kwa kadhi ana mlango wa mahakama nyingine. Ukoo ukimzuia kuufikia kwa vitisho, kifungu cha 170 kinakuwa kimegeuzwa kinyume na kilivyokusudiwa.

Tanzania Bara ilichukua njia tofauti: Sheria ya Ndoa ya 1971 inazikusanya ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za kiserikali chini ya sheria moja, na mjadala wa kuwa na Mahakama ya Kadhi umekuja na kuondoka bila kufungwa. Zanzibar inazo. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inasema kueneza dini na kuabudu ni jambo la hiari ya mtu binafsi, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi.

Maneno mazito hayo, lakini yamewekwa chini ya sheria za nchi, na mlango mwembamba huo ndimo serikali hupitia. Mwaka 1968 serikali ilipiga marufuku Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, na mwaka huohuo BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ikaundwa. Waislamu wengi bado wanauliza kwa nini dola ihusike katika nani awasemee. Zanzibar, kwa sheria ya 2001, Mufti huteuliwa na Rais. Malawi ilikwenda mbali zaidi: mwaka 1967 iliwapiga marufuku Mashahidi wa Yehova, waliokataa kununua kadi za chama tawala, na maelfu wakakimbilia nchi jirani, marufuku hiyo iliondolewa 1993. Barghash hakuwafundisha hawa wote, ila hesabu ni ileile.

Shakahola na kipimo cha ndama

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, walifukuliwa watu zaidi ya 400, watoto wengi miongoni mwao, waliokuwa wakimfuata mhubiri mmoja anayedaiwa kuwaamuru wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Nchi nzima ilitetemeka, na kilio cha kutaka dini zisimamiwe kikapanda. Ni kilio ninachokielewa kabisa. Kabla ya hapo, mwaka 2016, Mwanasheria Mkuu wa Kenya alikuwa ametoa rasimu ya kanuni za kusimamia jumuiya za dini. Wakristo na Waislamu walizipinga, zikaondolewa. Rwanda ilifunga maelfu ya makanisa mwaka 2018 na kutunga sheria inayowataka wahubiri wenye madaraka ya usimamizi wawe na shahada na elimu ya dini.

Hapa ndipo ninapomrudia Locke. Kumnyima mtoto chakula ni kosa, awe nyumbani, shuleni au kanisani. Kumzuia mtoto asiende shule ni kosa. Jengo lisilo na mlango wa dharura ni hatari, iwe ni baa au hekalu. Serikali inaweza, na inapaswa, kuingia hapo kwa nguvu zote bila kusoma hata aya moja ya maandiko. Sharti la shahada ni jambo jingine. Linauliza nani anafaa kumsemea Mungu, na likishaulizwa na wizara leo, wizara itakuwa na jibu kesho kuhusu sheikh asiyependwa na chama, au mchungaji anayekemea rushwa.

Na tuseme kweli kuhusu Shakahola. Mhubiri yule hakufichika kwa sababu Kenya ilikosa sheria ya dini. Alikuwa amewahi kukamatwa na kushitakiwa miaka kadhaa kabla, yakiwemo madai ya kuwazuia watoto wasiende shule, akarudi kwa wafuasi wake. Sheria za kawaida zilikuwepo. Waliotakiwa kuzitumia kwa uzito hawakufanya hivyo. Mashitaka yaliyofunguliwa Mombasa na Malindi mwaka 2024 dhidi yake na wenzake ni ya mauaji, kuua bila kukusudia, ugaidi na ukatili kwa watoto. Kuyathibitisha, waendesha mashitaka hawahitaji kumwomba hakimu aamue kama mafundisho yake yalikuwa ya kweli au ya uongo. Wanahitaji miili, mashahidi, na watoto walionusurika waeleze walikula nini na nani aliwakataza.